Nyumba za Matasia na mtoto asiyepanda ngazi

Yeyote aliyepita Matasia katika miaka ya karibuni, akitoka Ngong kuelekea Kiserian, atakuwa amejionea jinsi malisho ya jana yalivyogeuka ploti za leo. Pale palipokuwa na migunga na ng'ombe sasa pana nyua za mawe, malango ya chuma na matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya minara. Nyumba zenyewe hazifanani kwa rangi wala kwa mapaa, kwani kila ajengaye hutaka yake itambulikane. Lakini lipo jambo moja linalozifanya kuwa za ukoo mmoja. Karibu zote hupandiwa. Mbele ya mlango pana vidato vitatu au vinne, na kwa aliyejaliwa, saba au vinane vyenye nguzo mbili nene kando yake mithili ya mahakama.

Lugha yetu imeliita darasa la shule ya sekondari kwa jina hilo hilo la kidato. Ningependa walimu na wanafunzi wausomao ukurasa huu waupime ulinganifu huo, maana yuko mtoto ambaye hataifikia shule ya sekondari kwa sababu ya vidato vya baraza ya kwao. Si kwamba hana akili, wala si kwamba karo imekosekana. Ni kwamba kila asubuhi sharti apatikane mtu mwenye mgongo mzima wa kumteremsha, na kila alasiri apatikane wa kumpandisha. Na siku mtu huyo akiugua au akisafiri, mtoto hushinda ndani na mwalimu huandika katika sajili kwamba hakuja.

Tulitazame jambo hili kwa kilo. Mtoto wa miaka minne ana uzito wa kilo 16 hivi, na mama humbeba huku akizungumza na jirani. Afikapo miaka 10 hukaribia kilo 30, na mama huanza kuita msaada. Akiwa na miaka 15 au 16, hata kama ni mwembamba, aghalabu huwa anazikaribia au amezipita kilo 50, ambazo ndizo kilo za mfuko mmoja wa saruji. Nenda katika mjengo wowote hapo Matasia ukawatazame vijana wabebao mifuko hiyo: wana misuli, wanalipwa ujira, na bado jioni hulalamikia viuno. Mama wa kijana mwenye mtindio wa ubongo huubeba mfuko wake mara nne au tano kwa siku, kutoka kitandani hadi bafuni, kutoka bafuni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi garini, na mfuko wake una viungo vinavyokakamaa na una haya.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Wazazi wengi wenye mapenzi na uwezo wa kujenga humjengea yule mtoto wamwonaye leo. Humwekea chumba chenye rangi za kuchangamsha na picha za wanyama ukutani, na kitanda kifupi, kisha huacha mlango wa choo uwe mwembamba kama wa nyumba nyingine zote, maadamu kwa sasa mtoto huingizwa msalani mikononi mwa mama. Nyumba ya mawe hudumu miaka 50 na zaidi. Utoto haudumu hata 15. Anayestahili kuchorewa ramani ni kijana atakayekuwapo baada ya miaka 12, mwenye kimo cha mtu mzima na kiti cha magurudumu cha mtu mzima, na mwenye kutaka kufunga mlango wa bafu akiwa peke yake.

Tusidhani kwamba tunazungumzia watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi waliokuwa na ulemavu wa aina fulani, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri huo, na asilimia 42 kati yao walikuwa na tatizo la kutembea. Hao ni wale ambao jamaa zao walikubali kuwataja mbele ya karani wa sensa.

Sheria nayo haikulala. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe ili kila mtu aweze kuyatumia. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, na kifungu cha 43 kinataja haki ya kila mtu kuwa na makao yanayofikika. Mwaka 2025 ile sheria ya 2003 ilipisha sheria mpya, na kanuni za ujenzi zilizotungwa 1968 nazo zikapisha Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024. Maandishi hayo ni mema, ila uzito wake umeegemea shule, hospitali, benki na afisi. Ni nadra kusikia afisa wa kaunti akimwuliza mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe ni nani atakayeishi humo na kama ataweza kuingia. Swali hilo limeachiwa familia na mchoraji wa ramani, na wawili hao kwa kawaida huzungumzia idadi ya vyumba vya kulala na aina ya paa.

Ni haki kueleza kwa nini nyumba za huko huinuliwa. Matasia imelala chini ya vilima vya Ngong, na mvua ya masika inapopiga vilimani, maji huteremka kwa kasi yakitafuta pa kupita. Ukielekea mashariki hadi nyanda za Kitengela utakuta tatizo jingine, ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka mianya wakati wa kiangazi, ambao fundi mwenye busara huuchimba na kuutoa kabisa kabla ya kujaza mawe na changarawe. Kwa hiyo kuinua sakafu si upuuzi. Upuuzi ni kuamini kwamba sakafu iliyoinuka haifikiki ila kwa ngazi. Nusu ya vidato nivionavyo, hata hivyo, havikuletwa na maji wala udongo. Vimeletwa na fahari.

Tufanye hesabu kidogo, kwani ni ya darasani. Kanuni ikubalikayo katika nchi nyingi ni kwamba njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu isipande zaidi ya kipimo 1 katika kila vipimo 12. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 45, yaani vidato vitatu vya kawaida, itahitaji mteremko wa mita 5.4. Ikiinuliwa sentimita 60 zitahitajika mita 7.2. Ploti ya futi 50 kwa futi 100, ile ambayo wauzaji huiita thumuni ya ekari, ina mita 15 kwa 30 hivi, na baada ya nyumba, shimo la maji taka, tangi na mahali pa gari, mita saba za mteremko si kitu cha kubandikwa baadaye. Ndiyo maana miteremko mingi tuionayo imesimama wima kama paa: ilijengwa baada ya nyumba kwisha, katika nafasi iliyobaki. Mwalimu wa hisabati angeweza kuwatoa wanafunzi nje pamoja na futikamba, wakapime vidato vya afisi ya mwalimu mkuu na kukokotoa mteremko ambao ungefaa. Watajifunza uwiano, na huenda mwalimu mkuu naye akajifunza jambo.

Lakini ardhi ya Matasia ina hidaya ambayo wenye ploti tambarare za Kitengela hawana, nayo ni mwinamo. Ploti inayoteremka ina upande wa juu na upande wa chini. Desturi ni kuukabili mlango upande wa barabara, popote barabara ilipo, kisha kujaza ngazi. Lau mchoraji angeanza na mtoto, angeilinganisha sakafu na ardhi ya upande wa juu, na kutoka hapo mtu angeingia ndani kwa kiti, kwa magongo, kwa kigari cha mtoto mchanga au kwa mkokoteni wa mitungi ya maji bila kuinua chochote. Upande huo huo wa juu utachimbwa mtaro wa kuyakinga maji ya vilimani kabla hayajafika ukutani, ufunikwe kwa wavu wa chuma mahali njia inapoupita. Njia yenyewe itandazwe saruji na iinamie nje kidogo, na kizingiti cha mlango kisizidi sentimita moja. Na kama lango halina budi kuwa upande wa chini, njia ya kutoka langoni inaweza kupandishwa polepole kwa kujaza udongo, kipimo 1 kwa 20. Kwa sakafu ya sentimita 45 hiyo ni mita 9 tu za njia yenye maua kandoni, na mgeni hatajua kwamba ameupanda mteremko wa mlemavu.

Ndani ya nyumba mambo mengi hutatuliwa kwa upana. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayokisukuma huhitaji nafasi zaidi, hivyo mlango uache uwazi wa sentimita 80 hata 90, korido iwe mita 1.2, na mahali pa kugeukia pawe na duara la mita 1.5. Ajabu ni kwamba katika nyumba zetu mlango mwembamba kuliko yote ni wa choo, kana kwamba mtu hupungua mwili anapokwenda haja. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Kwa nyumba ya namna hii nasihi yangu ni kinyume chake, uache ufa mpana kabla hujajenga ukuta, kwa sababu kuupanua mlango katika ukuta wa mawe yaliyokwisha kubeba linta ni kazi ya nyundo, vumbi na fedha.

Nitakaa zaidi bafuni, kwa kuwa humo ndimo nyumba huonyesha kama ilimkusudia mtu au ilimvumilia. Bafu la kawaida lina kizingiti cha kuzuia maji, na kizingiti hicho cha sentimita 10 humgeuza kijana kuwa mzigo. Kiondolewe. Sakafu yote ya chumba iteremke kidogo kuelekea mfereji wa pembeni, na chumba kiwe na mita 2.2 kwa 2.2 badala ya ule uchochoro tuliouzoea. Vigae viwe vya kukwaruza, si vile ving'aavyo ambavyo humwangusha hata mwenye miguu mizima. Mlango ufunguke kwa nje au uteleze kando, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake wenyewe huwa kufuli. Kitasa kifungike kutoka ndani, lakini kiwe cha namna inayoweza kufunguliwa kutoka nje wakati wa dharura. Vyuma vya kushikilia vikazwe katika ukuta wa mawe karibu na choo na chini ya bomba la kuogea. Ukuta wa mbao laini hautavihimili.

Benchi la saruji lenye kimo cha sentimita 45 au zaidi kidogo, likilingana na kiti cha magurudumu, hujengwa na fundi yule yule ajengaye bafu na halihitaji kuagizwa ng'ambo. Juu yake pawekwe mto usionyonya maji, kwa sababu mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hahisi sehemu za chini za mwili, na saa moja juu ya saruji kavu yaweza kumletea kidonda kitakachomlaza miezi. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya moto ni hatari kwake. Mwenye hisi hupiga yowe akaruka. Asiyehisi hukaa akiungua kimya. Hivyo bomba la maji ya moto lisiwe mahali anapoweza kuligusa kwa bahati mbaya, na maji yapimwe kwa kiwiko kabla ya kummwagia.

Yote hayo huonekana kuwa mambo ya mabomba na vigae hadi binti anapovunja ungo. Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba hakuna mwanamume nyumbani anayefaa kumwingiza bafuni, na kwamba mama yu kazini. Walimu wa kike wanazijua siku ambazo wasichana hawafiki shuleni, na wanajua kwamba kwa msichana asiyetembea siku hizo hurefuka. Posho ya Inua Jamii ya Sh2,000 kwa mwezi, kwa wanaoipata, haitoshi kumwajiri msaidizi. Mlango wenye upana wa kutosha, benchi na chuma cha kushikilia vinaweza kumpa uwezo wa kujitengeneza mwenyewe, na hakuna fedha itakayomnunulia kitu chenye thamani kuliko hicho.

Suala la chumba chake lichunguzwe pia kwa moyo mnyofu. Zipo nyumba ambamo mtoto huyu hupewa kile chumba cha uani kilichokusudiwa mtumishi, kwa hoja kwamba hakina ngazi na kwamba atapata utulivu. Utulivu wa namna hiyo ni kifungo. Chumba chake kiwe katikati ya maisha, karibu na sebule, kilingane na vya ndugu zake, na kama nyumba ni ya ghorofa, chini kuwe na chumba cha kulala na bafu kamili. Dirisha lianze sentimita 75 au 80 kutoka sakafuni ili aliyeketi aone lango, barabara na vilima. Madirisha yetu mengi humwonyesha mtu wa kiti cha magurudumu mbingu tu. Swichi ishushwe hadi mita 1, soketi ipandishwe hadi nusu mita. Jikoni pawe na meza moja iliyo wazi chini, apate kuingiza magoti na kukatakata sukuma wiki pamoja na wengine. Mtoto asiyewahi kutumwa kazi yoyote nyumbani hunyimwa nusu ya malezi.

Barazani, chuma cha kushikilia chenye vimo viwili, sentimita 60 na 90, humfaa kwa mazoezi ya kusimama na kutembea. Hospitali ya watoto ya AIC-CURE huko Kijabe, iliyofunguliwa 1998, hunyosha miguu na migongo kwa upasuaji, na mjini Kajiado kipo kituo cha kanisa hilo hilo la AIC kilichowatunza watoto wengi wenye ulemavu wa viungo. Lakini mtoto hurudi nyumbani, na mazoezi ya miaka mingi hufanywa huko, penye chuma au pasipo chuma.

Sijagusa ulemavu mwingine, nao si kwamba ni mwepesi. Mtoto kiziwi hufaidika na nyumba yenye uwazi kati ya jikoni na sebule, ili aone mikono ya mama yake ikimwita. Asiyeona hutaka vitu vikae pale vilipokaa jana, na mlango uwe umefungwa au umefunguliwa wazi, kamwe usiwe nusu. Mwenye zeruzeru huhitaji baraza yenye kivuli kipana, hasa katika jua la Kajiado. Mwenye usonji huhitaji pembe tulivu, lango la kuaminika na kifuniko kizito juu ya tangi la chini.

Si wazo geni duniani. Mwaka 1948 mwanajeshi mstaafu Kenneth Laurent, aliyepooza miguu, alimwandikia msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright akimwomba nyumba ya kuishi na mkewe huko Rockford, Marekani. Walihamia humo 1952 na wakaishi humo kwa takriban miaka 60. Nyumba hiyo haina ghorofa wala ngazi, na vipimo vyake vilifuata jicho la mtu aliyeketi, hata mgeni huhitaji kuketi ndipo aone uzuri wake. Miaka 46 baadaye, karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, msanifu Rem Koolhaas alimjengea mtu wa kiti cha magurudumu nyumba ya ghorofa tatu ambayo chumba chake cha kazi hupanda na kushuka kama lifti. Ni kazi ya kustaajabisha. Mimi nikijua jinsi umeme ukatikavyo, ningeichagua ile ya Rockford.

Najua kwamba wengi wa Matasia ni wapangaji, na kwamba mwalimu asomaye makala haya pengine amekodi vyumba viwili katika jumba la ghorofa nne. Kwake yeye ramani si swali. Yapo hata hivyo mambo machache yaliyo mikononi mwake. Aombe nyumba ya chini kabla ya kulipa amana. Apime mlango wa choo kwa futikamba siku ya kwanza ya kutazama nyumba, akiwa na kiti chenyewe cha mtoto, si siku ya kuhamia. Amwombe mwenye nyumba ruhusa ya kukaza chuma kimoja cha kushikilia kwa gharama yake mwenyewe. Mlango wa choo ukiwa mwembamba mno, bawaba zing'olewe na pazia zito lichukue mahali pake. Sentimita tatu au nne zinazopatikana zimewahi kutosha. Na mbele ya kile kidato kimoja cha mlangoni, seremala wa kando ya barabara anaweza kuunganisha ubao wa mteremko wenye vipande vyembamba vya kuzuia kuteleza, ukae usiku nyuma ya mlango, utolewe asubuhi kabla gari la shule halijapiga honi, na siku ya kuhama upakiwe lorini pamoja na makochi.